Kima, kobe na punda wa dobi: tuwatazame wanyama wa picha za Waajemi

KALAMU YA TANGA (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote. Uzi huu ni mrefu, mniwie radhi. Jambo lenyewe nimekaa nalo miaka mingi na leo nimeona niliweke hapa.

Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa na hadithi aliyotusimulia kule Tanga kila umeme ulipokatika. Kima anakaa juu ya mkuyu uliosimama ufukweni, matawi mengine yameinamia bahari. Papa huja chini, kima humrushia makuyu, wakawa marafiki. Siku moja papa akamwalika kwao, akampakia mgongoni. Walipofika maji makuu, papa akasema kweli: sultani wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akamjibu, mbona hukuniambia mapema? Sisi kima tukisafiri mioyo tunaiacha juu ya miti. Turudi nikauchukue. Papa akageuka. Kima alipofika tu, akaruka mtini akanyamaza kimya. Papa akaita, akaita. Mwisho kima akamwuliza, wanifanya mimi punda wa dobi? Hapo ndipo bibi alipofungua hadithi ya pili ndani ya ile ya kwanza, ya punda asiyekuwa na moyo wala masikio.

Nilikua nikiamini kwamba hadithi hii ilizaliwa kwetu mwambao. Hata Edward Steere aliyeichapa mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine za Unguja, aliiita Kisa cha Punda wa Dobi, na mimi nikaona ushahidi umetosha. Kisha nikaja huku Toronto kutafuta maisha. Jioni moja nipo maktaba nafungua kitabu kikubwa cha picha za Uajemi, nikaona kima amekaa juu ya mti wa tini, mkono ameunyoosha, tunda limeshamtoka. Chini majini kobe ameinua shingo analingoja. Wakuu, nilikisogeza kitabu karibu na uso. Nilimsikia bibi.

Njia iliyopita hadithi hiyo inajulikana vizuri. Ilianza India, katika Panchatantra, na kule rafiki wa kima alikuwa mamba. Wakati wa Khosrow Anushirvan, aliyetawala Uajemi kuanzia 531 hadi 579, tabibu Burzoe aliitafsiri kwa Kiajemi cha zama hizo. Karibu mwaka 750 Ibn al-Muqaffa, Mwajemi aliyeandika Kiarabu safi kuliko Waarabu wengi, akaitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna, majina ya mbweha wawili wa baraza la simba. Katika karne ya 12 Nasrullah Munshi akairudisha kwenye Kiajemi kipya. Na ndani ya mlango wa kima na kobe, kima anasimulia habari za simba mwenye ukurutu, mbweha mtumishi wake, na punda wa mfua nguo. Dobi yuleyule wa bibi! Mambo yaliyobadilika baharini ni machache: kobe akawa papa, tini ikawa kuyu, mbweha akawa sungura.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Watu wengi wakiziona picha hizi huvutwa na dhahabu, mavazi na majumba. Mimi nasema mtazame mnyama kwanza. Katika picha za Waajemi nyuso za watu karibu zote ni uso mmoja, mviringo kama mwezi, macho membamba, mdomo mdogo. Mfalme, mpenzi, askari, wote mwezi uleule. Lakini wanyama wao kila mmoja yuko katika hali yake. Kuna farasi aliyechoka, swala aliyesikia kitu, ngamia mwenye hasira, simba anayejuta. Mchoraji aliyefungwa na adabu ya baraza asiweze kuonyesha hofu usoni mwa mfalme, aliiweka hofu hiyo kwenye masikio ya farasi wake.

Nichukue picha moja. Mwaka 1488, mjini Herat katika Afghanistan ya leo, Kamal al-Din Bihzad alichora picha za nakala ya Bustani, kitabu cha mshairi Saadi, ambayo sasa iko Dar al-Kutub, Cairo. Moja ni ya mfalme Dara na mchunga farasi. Dara amepotezana na wenzake mawindoni, akaona mtu anamkimbilia, akatia mshale kwenye upinde. Yule mtu akapiga ukelele: mimi ni mchungaji wako! Mfalme akacheka kwamba mchungaji amenusurika. Mchungaji hakucheka. Alimwambia, umeniona barazani mara nyingi na leo hunijui, nami nikiambiwa nitoe farasi mmoja kati ya laki moja, nitamtoa.

Tazama alivyofanya Bihzad. Mfalme na mchungaji wanazungumza, lakini sehemu kubwa ya picha ni malisho ya kijani na majike ya farasi pamoja na watoto wao. Rangi zao ni mbalimbali. Kuna mtoto anayenyonya, shingo ameipinda chini ya tumbo la mama yake, na mama ametulia vile mama anavyotulia akinyonyesha. Ukimaliza kuwatazama umeshawajua mmoja mmoja, yaani Bihzad amekufanya uwe mchungaji. Maneno ya Saadi yanamlaumu mfalme asiyewajua watu wake, na picha inakuuliza wewe kama umewajua farasi.

Nitaendelea kesho nikitoka kazini. Mwenye swali alete.

MSOMAJI WA USIKU

Mkuu nimeweka kambi. Hadithi ya kima na papa nimeisikia kwa mama yangu Mombasa, sikuwahi kuwaza kwamba Waajemi wanayo.

FUNDI RANGI

Asante sana mkuu. Mimi ni mchoraji, natumia rangi za mafuta na mabango ndiyo yananilisha. Naomba kuuliza ya ufundi. Hizo picha ni ndogo, unawezaje kuchora manyoya ya simba katika nafasi ya kidole? Brashi ilikuwa ya nini? Na rangi zimedumu vipi miaka 500?

MWENDA PWANI

Ndugu mleta uzi, naandika kwa heshima na wala si kwa ugomvi. Picha hizi za Waajemi watu huziita sanaa ya Kiislamu. Hadithi za Mtume, rehma na amani ziwe juu yake, ziko wazi katika Bukhari: wenye kutengeneza picha wataambiwa Siku ya Kiyama wavitie uhai walivyoviumba. Ibn Abbas alipofuatwa na mchoraji alimwambia, kama huna budi, chora miti na visivyo na roho. Sasa farasi na simba wana roho. Tuiiteje sanaa hii ya Kiislamu?

KALAMU YA TANGA

Fundi Rangi, nianze na wewe. Brashi ilifungwa kwa nywele za mkia wa kindi au za paka, zikachomekwa katika bua la unyoya wa ndege. Karatasi ilipakwa wanga kwanza, ikasuguliwa kwa jiwe laini mpaka ikang'aa na kuwa na uso kama wa kioo, kwa hiyo rangi haikunywewa, ilikaa juu. Buluu ile ya ndani kabisa ni jiwe la lajvard lililochimbwa Badakhshan, likasagwa na kuoshwa mara nyingi. Nyekundu ni zinjifuri, madini ya zebaki. Rangi hizo ni madini, ndiyo maana hazikupauka. Gundi ilikuwa utomvu wa mgunga. Kijani cha kutu ya shaba ndicho kilichowasaliti, hula karatasi, na kurasa nyingine leo zimetoboka mahali palipokuwa na majani. Na mchoraji kwa Kiajemi anaitwa naqqash, mwenye nakshi. Wewe na yeye mna neno moja.

Manyoya ya simba hayachorwi yote. Wanaweka rangi ya mwili kwanza, ikauke, kisha mistari myembamba ya rangi nzito kidogo pale tu mwili unapogeuka, begani, nyuma ya sikio, chini ya tumbo. Jicho lako ndilo linalomalizia kazi.

Ndugu Mwenda Pwani, asante kwa adabu yako. Mimi si mwanachuoni na fatwa sitoi. Hadithi ulizozitaja ni sahihi na Waajemi walizijua. Ninaloweza kueleza ni mahali picha hizi zilipokuwa na mahali zisipokuwa. Hazikuwamo msikitini. Hazikuwamo katika Msahafu, humo mna khati na nakshi za maua na nyota peke yake. Zilikuwa ndani ya vitabu vya hadithi, ushairi, historia na tiba, vitabu vilivyofungwa na kufunguliwa na watu wachache majumbani mwa wafalme na matajiri. Na wapo walioona kwamba picha isiyo na kivuli, isiyosimama kama sanamu, haidai kuumba chochote. Kuna waliokataa hoja hiyo, na alama zao zipo. Katika nakala ya Maqamat ya al-Hariri ya karne ya 13 iliyoko St. Petersburg, mtu fulani alipitisha mstari mweusi kwenye shingo za watu, ukurasa baada ya ukurasa, iwe kama wamekatwa roho. Nilipoiona niliumia. Lakini nilielewa vilevile kwamba aliyeshika kalamu ile alikuwa mtu mwenye hofu ya Mungu, na kitabu hakukichoma.

Lipo jambo la kukutia fikira zaidi. Shah Tahmasp, aliyetawala Uajemi kuanzia 1524 hadi 1576, alijifunza kuchora utotoni na akawa mlezi wa karakana bora kuliko zote. Alipokuwa mtu mzima alitubu hadharani mambo aliyoyaona maovu, na picha nazo akaziacha. Wachoraji wakatawanyika. Kwa hiyo mjadala wako, ndugu yangu, haukuanzia mtandaoni. Ulikuwa ndani ya moyo wa shah mwenyewe.

MWENDA PWANI

Nimekusoma na nimeridhika na namna ulivyojibu, ijapokuwa msimamo wangu ni uleule. Endelea na uzi.

MWANAFUNZI WA CHUO

Mkuu mimi nina shaka na hoja yako kuu. Ninasoma sanaa mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba wachoraji hawa walinakili. Walikuwa na ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, wanaiweka juu ya picha ya zamani, wanafuatisha mistari, wanatoboa kwa sindano, kisha wanapitisha vumbi la mkaa kwenye matundu ili umbo litokee kwenye karatasi mpya. Simba wa kitabu kimoja anatokea kwenye kitabu cha miaka 50 baadaye, ameruka vilevile. Huo "ukweli wa mnyama" unaousema uko wapi kama simba ni muhuri?

KALAMU YA TANGA

Umenishika pazuri, na nilikuwa nasubiri mtu aniulize hili.

Ni kweli tupu. Walinakili, na hawakuona aibu. Kwao kumfuata mwalimu ilikuwa heshima, kama msomaji wa tajwidi anavyofuata sauti ya mwalimu wake. Simba anayemrukia ng'ombe mgongoni amechorwa mara nyingi kiasi kwamba ukimfunika kichwa utamjua kwa miguu.

Lakini twende kwenye nakala ya Kalila wa Dimna iliyotengenezwa Herat mwaka 1429 kwa ajili ya mwanamfalme Baysunghur, mjukuu wa Timur. Iko Istanbul, jumba la Topkapi. Simba amemrukia ng'ombe Shanzaba. Wale wawili walikuwa marafiki wa kweli, mpaka mbweha Dimna alipopeleka fitina huku na huku kwa wivu. Umbo la simba na ng'ombe ni la muhuri, nakubali. Sasa watazame mbweha wawili walioko pembeni. Dimna ndiye aliyesuka fitina, Kalila ni mwenzake aliyemkanya. Wameketi wanatazama damu. Muhuri haukuwapa mahali pa kukaa. Mchoraji ndiye aliyeamua wawe karibu kiasi gani, waelekeze wapi pua zao. Mtu aliyewahi kukaa kimya akitazama madhara ya maneno ya mwenzake atawatambua mbweha wale. Mistari imenakiliwa, lakini mwelekeo wa macho ni wake.

Na wapo waliochora bila muhuri wowote. Bihzad alipopita umri wa miaka 70 alichora ngamia wawili wanapigana, picha iko Tehran, jumba la Golestan. Kuna maandishi juu yake yanayotaja umri huo. Ngamia wamefungamana, wachungaji wanahangaika kuwaachanisha. Mzee wa miaka 70 na ushei, mkono wake ulikwishasifiwa kutoka Herat mpaka Tabriz, hakuchagua kumchora shah. Alichagua ngamia.

Kwa hiyo nairekebisha hoja yangu kidogo kwa sababu yako. Sisemi kila mnyama wa Kiajemi amechorwa kwa kutazamwa. Nasema mchoraji alipotaka kusema jambo la moyoni, mara nyingi alilisema kwa mnyama.

BINTI CHAKE CHAKE

Mie nimekuwa nikisoma kimya tu. Kaka, nakuomba utueleze hiyo iliyoko huko Toronto uliko. Nimesikia kuna makumbusho yana ukurasa maarufu.

KALAMU YA TANGA

Dada yangu, upo. Ni Makumbusho ya Aga Khan, yaliyofunguliwa mwaka 2014. Ukurasa hauwekwi ukutani siku zote kwa sababu mwanga unaua rangi, lakini nilibahatika kuukuta umetolewa. Nilikaa mbele yake mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko salama.

Ni ukurasa wa Shahnama, kitabu cha wafalme cha mshairi Firdausi, aliyekimaliza karibu mwaka 1010. Nakala hii ndiyo ile ya karakana ya Shah Tahmasp, kabla ya toba. Ilikuwa na picha 258. Picha ya Kayumars, mfalme wa kwanza wa dunia, ilichorwa na Sultan Muhammad wa Tabriz katika miaka ya 1520. Kayumars ameketi juu kabisa mlimani, amevaa ngozi ya chui, kwa sababu wakati huo watu walikuwa hawajajua kufuma. Mwanawe Siyamak yuko upande mmoja, mjukuu Hushang upande mwingine, raia wamezunguka katika duara. Na wanyama wamo, wakali na wapole pamoja, maana kwa Kayumars simba hakumla paa.

Ukisogea karibu ndipo unapoona. Majabali yale ya zambarau, buluu na waridi si majabali tu. Yana nyuso. Nyingine za watu, nyingine za wanyama, zimejificha kwenye mikunjo ya mawe, zimechorwa nyembamba kiasi kwamba ukirudi hatua moja nyuma zinapotea. Nilihesabu kadhaa, kisha nikaacha kuhesabu, maana nilianza kuhisi kwamba mlima ndio unaonitazama mimi. Dust Muhammad, aliyeandika habari za wachoraji mwaka 1544, anasema wachoraji waliinamisha vichwa kwa aibu mbele ya picha hii. Nimesimama pale nikaelewa.

Kinacholiza ni kwamba hapo Siyamak bado yu hai. Anayejua hadithi anajua kwamba dubwana jeusi, mwana wa Ahriman, roho wa uovu, litamuua kijana huyu, na Firdausi anasema wanyama na ndege walikuja mlimani kuomboleza pamoja na watu. Kisha Hushang akaenda vitani kulipa kisasi, na jeshi lake lilikuwa na chui, simba, mbwa mwitu na ndege. Sultan Muhammad amewachora katika saa ya mwisho ya amani.

Na kitabu chenyewe nacho kilipata masaibu. Tahmasp alikitoa zawadi kwa sultani wa Uturuki mwaka 1568. Karne zikapita, mwaka 1959 kikanunuliwa na tajiri wa Kimarekani, Arthur Houghton, naye akakikata, akauza ukurasa mmoja mmoja. Mwaka 1994 kilichosalia kilirudi Iran kwa kubadilishana na picha ya mwanamke uchi ya mchoraji de Kooning, makabidhiano yakafanyika uwanja wa ndege wa Vienna. Mimi kukatwa kwa kitabu kile sitakusamehe moyoni, ingawa najua kisingekatwa, ukurasa wa Kayumars nisingeuona.

FUNDI RANGI

Hiyo ya nyuso kwenye mawe nimeikuza kwenye simu sasa hivi. Nimeona ngamia na uso wa mzee. Sijui hata niseme nini.

MSOMAJI WA USIKU

Wakuu, naongeza kimoja cha kutoka upande wetu. Nilisoma habari za picha ya pundamilia ya Jahangir. Je, nayo inahesabika?

KALAMU YA TANGA

Inahesabika na inafuata palepale nilipoishia. Nilisema Tahmasp alipoacha picha wachoraji walitawanyika. Humayun, mfalme wa Wamughal wa India aliyekuwa mkimbizi kwa Tahmasp, aliwaalika wawili wao, Mir Sayyid Ali na Abd al-Samad, nao wakamfuata baadaye. Hao ndio waliofundisha karakana ya India. Mjukuu wa Humayun ni Jahangir, mtu aliyependa wanyama kuliko mfalme yeyote ninayemjua, na mchoraji wake wa wanyama ni Ustad Mansur.

Mwaka 1621 Jahangir aliletewa mnyama kutoka Habash, amepita mikononi mwa Waturuki. Wahindi hawakuwahi kumwona pundamilia. Jahangir anaandika katika kumbukumbu zake kwamba watu walidhani amepakwa rangi, wakamchunguza mpaka wakahakikisha ni kazi ya Mungu. Mansur akamchora. Picha iko London, jumba la Victoria and Albert, na pembeni Jahangir ameandika kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna mandhari, hakuna mtu, ni mnyama amesimama peke yake na kamba yake. Amechorwa mstari kwa mstari, na mistari ya mguuni haichanganywi na ile ya pajani. Nikimtazama naona huzuni ya mnyama aliyetolewa kwenye kundi lake akavushwa bahari. Baada ya hapo aliwekwa katika zawadi za kupelekwa kwa Shah Abbas wa Uajemi. Mnyama wa Afrika Mashariki, brashi ya India, elimu ya Uajemi, na safari ikaelekezwa Isfahan, mji mkuu wa Shah Abbas.

MWANAFUNZI WA CHUO

Basi twende Isfahan. Kule walichora nini baada ya Tahmasp?

KALAMU YA TANGA

Nitataja mbili. Ya kwanza ni ya Mantiq al-Tayr, kitabu cha mshairi Attar, ile ya ndege waliosafiri kumtafuta mfalme wao Simurgh, wakavuka mabonde saba, na waliofika walikuwa thelathini. Kwa Kiajemi si ni thelathini na murgh ni ndege, kwa hiyo walipofika walijikuta wao wenyewe ndio Simurgh. Nakala iliandikwa Herat mwaka 1487 ikabaki na nafasi tupu. Karibu mwaka 1600, wakati wa Shah Abbas, Habiballah wa Sava akajaza moja: ndege wamekusanyika kando ya kijito, hudihudi yuko juu ya jiwe anawahutubia. Iko New York, makumbusho ya Metropolitan. Tausi, kasuku na jogoo wote wanamsikiliza mmoja mdogo mwenye shungi. Na nyuma ya majabali, juu, kuna mwindaji ana bunduki. Attar hakumtaja, bunduki zenyewe hazikuwapo zama zake. Habiballah ndiye aliyemleta, na mpaka leo kila nikiitazama naogopa kwa ajili ya ndege wale.

Ya pili si ya kitabu, na ndiyo inayonikaa kuliko zote. Siku ya Idi ya mwezi mosi Shawwal 1082, yaani Februari 1672, balozi wa Bukhara alileta zawadi kwa Shah Sulayman: chui milia na kifaru. Kwenye lango la Darvaza-yi Dawlat chui milia aliruka ghafla, akamng'oa nusu ya uso kijana msaidizi wa muuza duka, wa miaka kumi na mitano au kumi na sita. Alikufa ndani ya saa moja. Wiki moja baadaye mchoraji mzee Mu'in Musavvir alikuwa amefungiwa nyumbani na theluji. Akaichora. Mnyama yuko juu ya kijana, mistari ya wino inakimbia, na karatasi iliyobaki akaijaza maneno. Anasema kisa alikisikia, kijana hakumwona. Anasema tangu katikati ya Shaaban theluji imeanguka mara kumi na nane, watu wamechoka kuizoa kwa majembe, bei za vitu zimepanda, kuni hazishikiki. Anamwomba Mungu mwisho uwe mwema. Iko Boston.

Theluji ile naijua. Nimekaa humu ndani siku mbili mlango haufunguki, nikaisoma tafsiri ya maneno yake. Hakuna shah katika picha ile, wala dhahabu. Kuna mtoto wa duka aliyetoka Idi akakutana na zawadi ya mfalme. Mu'in hakulijua jina lake, na sisi hatulijui, ila kwa sababu ya mzee mmoja aliyeshindwa kutoka nje tunajua umri wake na siku aliyokufa.

BINTI CHAKE CHAKE

Innalillahi. Nimesoma hii ya mwisho mara mbili.

Kaka, nilimpigia mama jana Pemba nikamweleza ile picha ya kima na kobe, tunda limemtoka kima mkononi. Nilipofika hapo sikuweza kuendelea, akanipokonya maneno. Akaenda nayo mpaka mwisho, na punda wa dobi akamtia, bila kusita mahali.

KALAMU YA TANGA

Dada, naomba umwulize kitu kimoja kwa ajili yangu. Moyo na masikio ya punda, nani aliyeyala wakati simba hayupo? Mbweha au sungura?

BINTI CHAKE CHAKE

Nimemuuliza. Anasema sungura, na anashangaa kwamba kuna mtu anayeuliza.